Diski Haijaonekana

Fundi Renovati,

Nilitaka kuanza na "hujambo", nikaona nitakuwa nauliza kitu ambacho jibu lake nimelitupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Basi nianze na habari za huku. Tupo. Mama Dafroza, mkeo, anaendelea na duka la Kasulu, na ile printa uliyokuwa ukiipiga kofi ubavuni bado haifanyi kazi mpaka ipigwe kofi. Mimi bado nina kibanda changu Kibondo, ila tangu uondoke nimekuwa mtu wa njia ya Kasulu, na kilichonifanya niwe hivyo ni kompyuta yako ya kijivu. Juzi tumeganduka, tumemaliza matanga yako. Watu walikuja, pombe ya ndizi ikanywewa, wazee wakasema msiba umevuliwa na kila mtu arudi kwenye jembe lake. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kazi ikiwa imekwisha. Ulikuwa hupendi kupewa habari za kazi iliyo katikati.

Hii ni taarifa ya fundi kwa fundi wake. Machozi yalishapata siku zao.

Ulianguka asubuhi, nyuma ya kaunta, bisibisi ikiwa kwenye mfuko wa shati. Hospitali walisema presha, na hukurudi. Wiki ile ile, kabla hujaanguka, alikuwa amekuja dukani Mama Odeta wa Makere. Unamfahamu: ndiye aliyekuwa akiuza unga wa muhogo kwenye soko la Mtendeli, kambi ya wakimbizi, enzi mimi na wewe tukienda kule siku za soko kupiga watu picha za pasipoti. Kambi ilipofungwa, akarudi kwa kaka yake Makere kulima. Binti yake Odeta tulimpiga picha ya fomu za sekondari. Fomu zilikwenda na picha zake, na homa ikamchukua binti kabla hajavaa sare. Mama mtu hana picha nyingine. Hakuna simu iliyowahi kumpiga picha yule mtoto, wala harusi aliyosimama pembeni ikamnasa. Alikuja kukuuliza kama ile yetu bado unayo, ukamjibu, "Ipo. Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo ilipofika, akakuta turubai la msiba limefungwa mbele ya duka.

Hakuondoka. Aliweka kapu chini akakaa na waombolezaji mpaka tukakuzika. Wakati wa kuaga akanishika mkono akasema, "Fundi alisema ipo." Hakusema kwa kudai. Alisema tu, kama mtu anavyosema mvua imenyesha kwao. Nikamwambia nitaitoa. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nikawasha kompyuta. Haikwenda kokote. Kioo cheusi, na mstari mmoja mweupe ukiniambia niweke diski yenye mfumo. Nikafungua kile kimlango cha CD, nikakuta CD yako ya kuwekea mfumo mpya wa Linux imo ndani, na mwandiko wako wa kalamu nene juu yake. Nikaelewa nusu ya habari: mfumo wa zamani umekufa, na wewe ulikuwa umeshaamua kuweka Linux. Nusu ya pili sikuielewa mpaka juzi.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Niingie kwa CD bila kuweka chochote, nitazame diski, nihamishe picha za Mtendeli kwenye flashi, kisha ndiyo niweke mfumo mpya kwa raha zangu. CD ikaamka vizuri. Ikauliza lugha, ikauliza kibodi, ikauliza tuko saa za wapi. Ilipofika kwenye diski ikasema hakuna diski. Nikarudia tangu mwanzo, na jibu likawa lile lile.

Nikakumbuka kusalimu. Ulikuwa ukisema mafundi wa haraka wanaharibu kwa sababu hawasalimu. Huku kwetu ukiingia kwa mtu husemi kilichokuleta. Unapiga makofi, "mwakeye", unauliza wameamkaje, unauliza watoto, unauliza maharage, unajibiwa moja moja, ndipo unasema umefuata jembe. Na mashine ni hivyo hivyo. Kabla hujailaumu CD, bonyeza F2, ingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa bluu ambao mashine inajieleza kabla haijaamka vizuri, uiulize nani yuko nyumbani. "Kama mama mwenye nyumba hamjui mtoto, mgeni atamsalimuje?" Nikaingia. Memori ipo. CD ipo. Pa diski ya kwanza paliandikwa jina nusu, herufi zimekatika katikati. Nikazima nikawasha, hata ile nusu ikapotea. Nafasi nyingine zote zilikuwa tupu.

Hapo fundi yeyote angechukua bisibisi. Nami niliichukua. Mama Dafroza akaweka kiganja juu ya kava. "Skrubu alizokaza yeye hazifunguliwi mpaka tuganduke." Kuwasha niwashe, kwa sababu duka lazima liendelee, kufungua, hapana. Sijui kama hiyo ni mila ya kwenu kweli au aliizaa pale pale mwenyewe. Nilimuuliza mjomba wako, akasema hajawahi kusikia matanga ya kompyuta, ila mjane akishasema, basi ndiyo mila. Nikairudisha bisibisi mfukoni.

Kwa hiyo, Fundi, miezi yote hiyo nimemtibu mgonjwa kupitia dirishani. Nilianza kuishuku CD yako kwa sababu ina mikwaruzo. Nikachoma nyingine Kibondo, kwa mwendo wa polepole kabisa kama ulivyonifundisha, nikapanda nayo basi nimeifunga katikati ya kanga. Ikasema yale yale. Nikabadilisha namna bayosi inavyoongea na diski, nikapeleka huku, nikarudisha kule, maana ziko mashine ambazo diski ni nzima ila CD haielewi lugha inayosemwa nayo. Haikusaidia. Nikaongeza maneno kwenye ule mstari wa kuwashia, yale uliyokuwa ukiyaita dawa za kienyeji. Wapi. Mwisho nikafungua kile kioo cha amri, nikaiamuru initajie kila kitu ilichokiona mle ndani. Ikaitaja CD peke yake, yaani ilijiona yenyewe. Nikacheka, kisha nikakasirika, kisha umeme ukakatika nikapata sababu ya kwenda kunywa chai.

Shabani wa duka la vipuri, jirani yako, alikuwa akija kusimama mlangoni kila akiniona. Siku ya mazishi alifunga duka lake kutwa nzima, hilo nataka ulijue. Lakini ulimi wake unaujua. Akaniambia, "Dada, diski ikianza kutaja jina nusu, ujue inaaga. Izike." Nikamwamini. Nilikuwa nimechoka, na maneno yake yalikuwa na akili.

Nikaenda Makere mwenyewe, kwa sababu habari kama ile haitumwi kwa simu. Nikamkuta Mama Odeta anamenya mihogo uani. Nikamwambia picha haipo. Akaendelea kumenya. Akasema, "Fundi alisema ipo." Nikaanza kumweleza diski ni kitu gani na inakufaje. Alinisikiliza kwa adabu zote, akanipa muhogo wa kuchoma, akanisindikiza mpaka barabarani, na pale barabarani akalirudia neno lile lile. Nilirudi nimekukasirikia, Fundi. Umemwahidi mtu kisha umekufa, na ahadi imebaki mdomoni mwangu. Nasema ilivyokuwa.

Njiani nikakumbuka neno ulilokuwa ukiwakatalia wateja. Mtu akiingia na mashine kwapani akasema haina diski, unamkatisha: "Usiseme haipo. Sema haijaonekana." Nilikuwa nadhani ni madoido ya fundi mzee. Uliwahi kunikatalia hata mimi, kule Mtendeli, niliposema kifuniko cha lenzi hakipo. Uliniacha nizunguke soko zima kukitafuta, nikaja kukikuta mfukoni mwangu, na wewe umekaa kwenye gunia la mtu unakula karanga. Nililikumbuka hilo, nikalipuuza. Neno la mtu aliyekufa linaweza kukusumbua tu, haliwezi kukufungulia kava.

Basi juzi, wageni walipokwisha kuondoka na viti vya watu kurudishwa, Mama Dafroza alileta bisibisi yako mwenyewe, ile yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, akanipa. Nikafungua skrubu moja moja nikazipanga mezani. Kava likatoka na vumbi lako.

Ndani kulikuwa na diski mbili.

Mimi naijua moja. Nilipokuwa mwanafunzi wako ilikuwamo moja. Hii ya pili, kubwa, uliiongeza nikiwa nimeshahamia Kibondo, na hukuona sababu ya kuniambia. Ile ndogo, ya mfumo, kweli ilikuwa imekufa kama Shabani alivyosema. Kubwa ilikuwa imekaa chini yake, haina neno, waya zake zimechomolewa na ncha zimefungwa kwa kipande cha kitenge zisije zikagusa chuma. Fundo lilikuwa lako, lile la kufunga kuku miguu anapopelekwa sokoni. Nikavuta kiti nikakaa.

"CD ni mgeni," ulikuwa ukisema. "Mgeni mpe kiti, usimpe ghala." Kila ulipotaka kuweka mfumo mpya, ulichomoa kwanza chochote ambacho hukutaka kife, kwa sababu CD ya kuwekea mfumo ikishaambiwa futa inafuta, na mtu akikosea mstari mmoja tu, nyumba nzima imekwenda. Uliniambia neno hilo umelitoa kwa mama yako. Walipovuka kutoka Burundi, na kila walipohamishwa tena baada ya hapo, mtu wasiyemjua akibisha hodi, mama yako alimkaribisha, akampa kigoda na uji, na mbegu za maharage zilikuwa zimeshafukiwa nyuma ya jiko. Mgeni alikunywa uji, akazungusha macho, akaona nyumba haina kitu, akaenda zake na shukrani. Mlishapata uraia, mkapata shamba, mkapata duka na bango lake, na bado ulikuwa unafukia mbegu. Nilikuwa nakutania kwa hilo. Sasa sikutanii.

Kwa hiyo asubuhi ile ulishasikia diski ndogo inakoroma. Ukaandaa CD. Ukazificha picha za Mtendeli, na ile ya Odeta ikiwamo, ukakaza skrubu, ukainuka kwenda kaunta. Na mimi nikaja baadaye, nikawa yule mgeni wa mama yako. Nimekunywa uji wako miezi yote hii, nimezungusha macho, nikaenda kumwambia mtu hakuna kitu.

Ungeweza kusema, Fundi. Hata kwa kikaratasi cha kubandika.

Lakini sikuichomeka pale pale, ujue. Mkono ulitaka sana. Nilimwita Shabani akaleta diski ndogo nyingine, nikaiweka mahali pa ile iliyokufa, nikaingia bayosi nikasalimu, ikaitaja kwa jina lake lote. Nikatia CD yako yenye mikwaruzo, wala si ile yangu ya Kibondo. Ikauliza lugha, kibodi, saa za wapi, ikafika kwenye diski ikaiona. Kubwa ilikuwa bado imelala na kitenge chake. Nikasubiri mpaka mwisho, nikatoa CD, nikazima, ndipo nikalifungua lile fundo. Kucha zilishindwa, nikatumia meno. Shabani alikuwa amesimama mlangoni, hakutoa neno hata moja, na wewe unajua hilo ni jambo.

Diski kubwa ikafunguka. Upangaji wako ni wa aibu, niseme ukweli. Folda inaitwa MTENDELI, na ndani hakuna jina la mtu hata mmoja, ni namba tupu. Ikabidi nitazame uso mmoja mmoja. Wengi wamerudi kwao, wengine sijui waliko. Wamekaa mbele ya shuka jeupe wakitazama mbele kama nilivyowaambia, maana mbonyezaji nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa nyuma umelitanua shuka, kwa kuwa upepo wa pale ulikuwa ukiangusha kila mti tuliousimika na wewe Mungu alikupa mikono mirefu. Shuka lenyewe lina tope jekundu kwenye pindo katika kila picha.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku ya soko na kukikata. Kila picha ina vidole vyako pembeni. Upande huu vidole, upande ule vidole, na dole gumba la kushoto lenye ile kucha iliyopasuka. Kichwa chako hakionekani, kiwiliwili hakionekani, ni vidole tu vimeshika ncha za shuka. Pasipoti inataka uso na weupe, basi tulikuwa tunakukata na kukutupa. Na siku ya mazishi yako tulitafuta picha yako nyumba nzima tukakosa, tukachukua ya kitambulisho, tukaikuza mpaka ukaonekana kama mtu anayesubiri umeme urudi. Hiyo ndiyo iliyokaa juu ya jeneza. Mpiga picha hana picha. Nilisema machozi yalishapata siku zao. Yale ya juzi yalikuwa nyongeza.

Odeta yuko karibu na mwisho. Amesukwa mistari, kola imekaa upande, na amebana midomo asicheke, kwa sababu wewe nyuma ya shuka ulikuwa unakohoa kwa makusudi. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa unafanya hivyo kwa watoto. Nikampigia simu mama yake. Sikueleza mengi, nikasema tu imeonekana. Akasema, "Ego," yaani ndiyo, kama mtu aliyeambiwa kesho ni siku ya soko, akauliza duka linafunguliwa lini.

Leo asubuhi amekuja na lori la mihogo. Nilikuwa nimeshamkata Odeta vizuri, uso na weupe, nimekuza, karatasi imo kwenye printa inangoja kofi lake. Mama Odeta aliitazama kwenye kioo, akaitazama tena. Akauliza kama hakuna nzima. Nikairudisha nzima. Akaweka kidole kwenye ncha ya shuka akauliza huyu ni nani anashika. Nikamwambia ni Fundi. Akasema, "Basi usimkate. Si alisema ipo." Nikachapa hivyo hivyo, na tope, na vidole. Akaiviringisha kwenye kitenge chake, akaibeba mbele, kifuani, jinsi mtu anavyobeba mtoto kwenye mvua.

Alipotoka, Mama Dafroza akaja kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Alikuwa amesikia yote. Akainama, akaweka dole gumba lake juu ya lako pale kwenye kioo. Hakulia. Akakaa hivyo mpaka kioo kikazima chenyewe kwa sababu hakuna aliyegusa kipanya, nikakitikisa, ukarudi.

Sasa nakuacha. Naahidi hivi: atakayekuja kumuulizia wa kwake kwenye zile picha, awe anatoka Buhigwe hapa au ameagiza kutoka ng'ambo ya mpaka, nitamtafutia uso mmoja mmoja, na nitamchapia nzima. Nikikosa, sitasema haipo. Na nitakapoketi kuweka mfumo mpya kwa mtu yeyote, kwanza nitaficha mbegu, kisha nitamwambia mtu mmoja mahali nilipozificha. Hilo la pili ni langu, hukunifundisha.

Skrubu za kava nimezirudisha zote isipokuwa moja. Mama Dafroza ameichukua akaiweka kwenye kisahani dirishani. Anasema ile ulikaza wewe, basi haitakazwa na mtu mwingine. Kava linatetemeka kidogo mashine ikiwaka, na sisi tulio dukani tunalisikia.

Lala, Fundi wangu.

Jenista, wa Kibondo